Sura ya 5: Kipaji Anacho, Chuo cha Nini?

Kijana amemaliza kidato cha nne. Anapiga kinanda kanisani, au ndiye anayeitwa kila harusi ya mtaani kupiga ngoma. Siku anaposema anataka kwenda Bagamoyo kusomea sanaa, familia inaitisha kikao. Baba mdogo anauliza swali ambalo limeulizwa katika nyumba nyingi, Mtwara mpaka Mombasa: kama kipaji anacho, chuo cha nini? Na kama hana, chuo kitampa? Shangazi naye anaongeza lake: Mbaraka Mwinshehe alisoma chuo gani cha muziki? Bi Kidude je?

Wanaouliza hivyo wana haki ya kuuliza. Ada ya chuo ni ng'ombe waliouzwa, au ni akiba ya mama ya miaka kadhaa. Anayetoa fedha hiyo anastahili jibu la maana, na jibu la kwamba sanaa ni utambulisho wetu halimtoshi. Sura hii inajaribu kumpa jibu hilo kwa kutazama vyuo viwili vya kwetu, kile cha Bagamoyo na kile cha muziki cha Unguja, pamoja na ndugu zao wa mbali.

Waliojifunza bila chuo walijifunza wapi?

Tuanze na mmoja wa mifano ya shangazi. Bi Kidude, jina lake Fatuma binti Baraka, hakupita darasani kusomea muziki. Lakini alifundishwa. Nyimbo alizipata kwa kumsikiliza Siti binti Saad. Unyago, yaani mafunzo wanayopewa wasichana wanapovunja ungo, aliupata kwa wanawake waliomtangulia, mpaka mwenyewe akawa kungwi wa kuheshimika. Wengi walimwona jukwaani, bibi mzee aliyejifunga ngoma ndefu kiunoni kwa kanga, akaipiga kwa nguvu kuliko vijana. Waliona matunda ya miaka mingi ya kukaa karibu na wenye ujuzi.

Siti mwenyewe je? Alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia maskini ya wafinyanzi, akaja mjini akiuza vyungu. Sauti alikuwa nayo tangu hapo. Aliyemfundisha kuimba kwa taratibu za taarab na kuyatamka vizuri maneno ya Kiarabu ni Ali Muhsin, mwanamuziki wa duru za Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905. Mwaka 1928 Siti akasafiri mpaka Bombay kurekodi santuri. Kati ya vyungu vya Fumba na santuri za Bombay kulikuwa na mwalimu.

Tena taarab yenyewe, kwa jinsi wanamuziki wa Unguja wanavyoisimulia, ilianza na mtu aliyepelekwa masomoni. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, alimtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Misri akajifunze kupiga kanuni, chombo cha nyuzi nyingi tutakachokitazama mbele. Aliporudi, akawafundisha wenzake.

Twende kwenye uchoraji. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia rangi ya kung'aa ya dukani juu ya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, muda mfupi sana baada ya kuanza. Kama kipaji kingekuwa kitu cha kuzaliwa nacho tu, mtindo ule ungezikwa pamoja naye. Haukuzikwa, kwa sababu alikuwa amekwisha kuwafundisha ndugu zake wachache kukaa chini, kupaka rangi ya nyuma, kusubiri ikauke, kisha kuchora mnyama. Wao wakawafundisha wengine. Leo picha za Tingatinga zimejaa kila duka la vinyago la pwani.

Kwa hiyo kufundishwa kulikuwapo daima. Shida ilikuwa mlangoni. Ufundi wa Tingatinga ulipita kwanza kwa jamaa. Unyago hupita kwa wanawake, na kila jamii ina wake. Muheme, ngoma ya Wagogo, hupigwa na wanawake waliokua wakiwaona mama zao wakiipiga. Sasa mtoto wa Bukoba mwenye sikio jepesi, aliyesikia zeze la Wagogo redioni likamkaa moyoni, angeanzia nyumba ya nani? Angebisha hodi kwa lugha gani?

Mlango uliofunguliwa Bagamoyo

Desemba 1962, akilihutubia Bunge mara tu baada ya kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitangaza kuunda wizara mpya itakayoshughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba waliosoma walijua kucheza rumba na wolzi, na ngoma za nchi yao wengine hawajapata hata kuzisikia majina. Serikali ikaunda vikundi vya taifa. Kilianza cha ngoma, ambacho wachezaji wake walikusanywa kutoka mikoani. Kikafuata cha sarakasi, ambacho vijana wake walifunzwa nchini China, na katika miaka ya 1970 kikaja cha maigizo.

Vikundi hivyo vilizunguka nchi nzima na kwenda ng'ambo. Baadaye vilivunjwa, na wengi wa wasanii wake wakageuka walimu. Hicho ndicho chanzo cha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981. Mwaka uliofuata kikaanza kuandaa tamasha lake la kila mwaka, ambalo limekuwa likiwaleta mjini wasanii wa nchi nyingi. Mwaka 2007 chuo kikafanywa wakala wa serikali, yaani taasisi ya umma inayojiendesha yenyewe na kutakiwa kutafuta sehemu ya mapato yake, kikaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Watu wanakiita TaSUBa.

Chuo cha namna hii hueleweka haraka zaidi kwa kumtazama mwalimu wake kuliko kwa kusoma hati zake. Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa Doduma, mkoani Dodoma, aliyechunga ng'ombe utotoni. Sifa zake zilimfikia Nyerere, akaitwa Dar es Salaam kuingia katika kikundi cha taifa, na kutoka hapo akafika Bagamoyo. Alipiga zeze, chombo cha nyuzi kinachosuguliwa kwa upinde, na ilimba, sanduku la mbao lenye vipande vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba. Vyombo hivyo alivitengeneza mwenyewe. Sauti yake ilianzia chini kabisa kifuani, ikapanda mpaka pale ambapo msikilizaji anashindwa kujua ni mtu au ni filimbi. Kampuni ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel wa Uingereza ilitoa rekodi zake, akapiga katika matamasha makubwa ya dunia. Alifariki Bagamoyo mwishoni mwa mwaka 2003.

Umaarufu wake wa ng'ambo unajulikana. Kilichonigusa mimi zaidi ni kazi yake ya kufundisha. Katika chuo kile mwanafunzi wa Tanga au Kigoma, asiyejua Kigogo, asiye mjukuu wala mkwe wake, aliweza kukaa mbele ya Zawose akaulizwa jambo moja tu: uko tayari kurudia mpaka ukipate? Ujuzi uliokuwa wa ukoo ulipata njia ya kumfikia mgeni. Hilo ndilo jambo kubwa ambalo chuo cha sanaa kinafanya, na kwa maoni yangu ndilo linalohalalisha ada yote.

Kwa ufupi: kipaji kinatangulia, lakini hata wasanii wakubwa wa kwetu walikuwa na walimu. Zamani kumpata mwalimu kulitegemea umezaliwa wapi, ukoo gani, mwanamume au mwanamke. Chuo cha sanaa kinampa nafasi yule ambaye kuzaliwa hakukumpa.

Kitu gani hasa kinafundishwa?

Twende Unguja. Mwaka 2002 kilifunguliwa mjini Zanzibar chuo cha kwanza cha muziki visiwani, kinachojulikana kwa Kiingereza kama Dhow Countries Music Academy, yaani chuo cha muziki cha nchi za majahazi, kikaanza kazi katika jengo la zamani la forodha linalotazama bandari. Wengi hukitaja kwa herufi zake, DCMA. Hapo hufundishwa taarab, kidumbaki na ngoma za visiwani, pamoja na gitaa na kinanda. Chombo kimoja kinatosha kuonyesha kwa nini chuo kinahitajika: kanuni.

Kanuni ni ubao mpana wenye kina, unaolazwa mapajani. Una nyuzi zaidi ya 70. Zimepangwa tatu tatu, na kila tatu lazima zitoe sauti moja kamili. Kabla ya onyesho zote zinakazwa zikubaliane, na hewa ya pwani ilivyo na unyevu, baada ya muda zinalegea tena. Mpigaji anavaa pete mbili za kidole cha shahada zenye ncha za kudonolea. Pembeni mwa nyuzi kuna vijikomeo vidogo vya chuma ambavyo mkono wa kushoto huvipandisha na kuvishusha wimbo ukiendelea.

Vijikomeo vya nini? Taarab hutumia maqamu. Maqamu ni mpangilio wa sauti ambao wimbo unafuata, na kila mmoja una hali yake: upo unaoleta majonzi, upo unaochangamsha. Baadhi ya maqamu zina sauti zinazoangukia katikati ya zile za kinanda. Ukibonyeza funguo mbili za kinanda zilizo jirani, katikati yake hakuna kitu. Kwenye kanuni kipo, na kipo mahali maalumu. Kijana aliyekulia na kinanda cha kanisani au cha bendi akisikia sauti hiyo kwa mara ya kwanza anadhani mpigaji amekosea. Sikio lake linahitaji kufundwa upya, na sikio halifundwi kwa kutazama video usiku mmoja. Anahitaji mtu wa kukaa naye, amwambie: hapo umepanda, shuka kidogo, kidogo tena, hapo hapo.

Kazi kama hiyo kipaji peke yake hakiimalizi. Mwenye kipaji anafika haraka zaidi, basi.

Jambo la pili linalofundishwa ni nota, yaani alama za kuandikia muziki. Wazee wengi waliotisha hawakuzijua na hawakupungukiwa. Lakini maisha ya mwanamuziki wa leo yana sura nyingine. Ijumaa anaitwa hotelini kupiga na watu asiowafahamu, Jumamosi yuko kwenye harusi, Jumatatu yuko studio na msanii aliyetoka Nairobi. Asiyesoma nota anahitaji siku tatu za mazoezi. Anayezisoma anahitaji karatasi na dakika kumi, na analipwa kwa siku zote tatu alizookoa.

Matokeo yanaonekana. Siti Amina, mwimbaji na mpigaji udi, pamoja na wenzake waliopita DCMA, walianzisha Siti & the Band mwaka 2015, bendi inayochanganya taarab na mitindo ya kisasa na iliyosafiri nje ya nchi kwa jina lake yenyewe. Mwanamke kupiga udi mbele za watu, badala ya kuimba tu huku wanaume wakishika vyombo, lilikuwa jambo adimu Zanzibar. Chuoni darasa la udi ni la yeyote aliyejiandikisha.

Tatu, chuo kinafundisha kazi za nyuma ya pazia: kupanga taa, kuchanganya sauti, kushona mavazi ya maigizo, kuandaa bajeti ya onyesho. Hizi wazazi hawazifikirii kabisa, na ndizo zenye ajira iliyo karibu zaidi. Kila harusi ya mjini siku hizi ina fundi wa sauti. Uliza nani alimfundisha, utaambiwa alijifunza kwa kuunguza spika za watu.

Na nne, mikataba. Hakimiliki ni haki ya mtunzi kulipwa na kutambuliwa kazi yake inapotumiwa. Tanzania Bara ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na chombo cha kuisimamia, COSOTA. Sheria hiyo haimsaidii msanii aliyeuza wimbo wake moja kwa moja kwa fedha ya kodi ya nyumba, kwa sababu hakujua kwamba kuna kuuza na kuna kukodisha. Ningekuwa na uwezo, somo hili lingetangulia mengine yote.

Ngoma ikitolewa kwao

Hapa tufike kwenye lawama kubwa inayotolewa dhidi ya vyuo hivi, na wanaoitoa mara nyingi ni wazee wenye ngoma zao. Wanasema: mnachofundisha chuoni si ngoma yetu.

Chukua bugobogobo ya Wasukuma. Ni ngoma ya kulimia. Watu wamekusanyika shambani, ngoma zinapigwa, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja, na yule anayetaka kukata tamaa anabebwa na mdundo wa wenzake. Ngoma ile inapima kazi: ikiharakishwa, majembe yanaharakishwa. Jukwaani majembe bado yapo, yanarushwa hewani na kudakwa kwa ustadi wa kushangaza, lakini hayagusi udongo. Kilichochukua asubuhi nzima kinaisha kwa dakika chache. Wachezaji waliokuwa wakitazamana sasa wamepanga mstari, wanamtazama aliyelipa kiingilio.

Au sindimba ya Wamakonde. Kwao ilihusika na sherehe za jando na unyago, mahali ambapo viuno vina cha kusema kwa vijana wanaoingia utu uzima. Ilipopelekwa kwenye majukwaa ya taifa ikawa burudani ya kupokelea wageni, na mabishano yakaanza: wengine wakiona ni aibu, wengine wakitaka ipunguzwe makali. Wamakonde wenyewe hawakuwa wameomba ushauri wa mtu.

Lawama hii ni ya kweli, na chuo kinachojitetea kwa kusema tunahifadhi utamaduni kinakwepa. Ngoma iliyofupishwa na kugeuzwa kumwelekea mtazamaji ni kitu kingine chenye jina lilelile. Lakini nina msimamo wangu hapa. Kule kwao nako hakujasimama. Trekta limeingia shambani, vijana wamehamia Mwanza na Dar es Salaam, na ile asubuhi ya majembe mia haipo tena katika vijiji vingi. Tunaweza kuchagua kati ya ngoma kupokelewa na mgeni aliyefundishwa vizuri na ngoma kutopokelewa na mtu. Nachagua la kwanza, kwa masharti.

Sharti la kwanza ni kwamba mwanafunzi aelezwe ngoma ilikuwa inafanya nini kabla ya kuonyeshwa hatua ya kwanza. Inachezwa lini? Na nani? Nani haruhusiwi? Wimbo unasema nini, na unamsema nani? Mwalimu mzuri wa ngoma hutumia muda mwingi katika maswali haya kuliko wageni wanavyodhani.

Sharti la pili ni kumpeleka mwanafunzi kwao ngoma, au kumleta mwenye ngoma chuoni. Wiki mbili kijijini, akilala kwa wenyeji na kuamka nao, zinamfundisha yale ambayo darasa haliwezi: kwamba mpigaji mkuu hasimami katikati, kwamba bibi fulani akiingia uwanjani mdundo hubadilika, kwamba kuna kicheko ambacho ni sehemu ya wimbo.

La tatu ni gumu zaidi. Yapo mambo ambayo hayafai kufundishwa hadharani, na mwenye kauli ni mwenyewe. Bi Kidude aliamua kupiga ngoma ya unyago kwenye majukwaa ya nje, na alikuwa na mamlaka hayo kwa sababu alikuwa kungwi. Mwalimu wa kuajiriwa ambaye hajapita huko hana. Chuo kinachotaka unyago katika mtaala wake, yaani katika mpango wake wa masomo, kimwendee kungwi, kimwombe, na kikubali jibu atakalotoa, hata likiwa hapana.

Mafundi seremala na ukumbi wa maonyesho

Swali jingine linalojirudia: vyuo vya sanaa pekee ni sawa, lakini kwa nini chuo cha kawaida cha wananchi, kinachofundisha useremala na ushonaji, kipoteze fedha kwenye muziki na uchoraji?

Tanzania ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden na kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya huko. Huko Sweden, muziki, uigizaji na kazi za mikono vina nafasi kubwa katika vyuo hivyo, sambamba na masomo ya kawaida. Sisi tulichukua zaidi upande wa stadi za kazi: kilimo, useremala, uashi, ushonaji. Uamuzi huo ulikuwa na sababu zake katika nchi iliyokuwa ikihitaji mafundi. Hata hivyo naona tuliacha njiani kitu ambacho kingewafaa watu wa vijijini.

Marekani wana vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili, karibu na nyumbani kwa mtu na kwa ada nafuu kuliko ya chuo kikuu. Vinafundisha uuguzi, umakanika na uhasibu, na vingi vyake vina ukumbi wa maonyesho na chumba cha picha ambavyo majirani nao wanavitumia. City College of San Francisco kina mchoro wa ukutani wa Diego Rivera, mchoraji mkubwa wa Mexico. Aliuchora mwaka 1940 mbele ya umati, katika maonyesho makubwa yaliyofanyika kwenye Kisiwa cha Treasure, na tangu mwanzo ulikusudiwa chuo hicho. Una urefu wa mita 22 hivi na kimo cha karibu mita saba, na mwaka 1961 ukawekwa katika jengo la ukumbi wa maonyesho wa chuo. Kazi kama hiyo ungeitarajia kwenye makumbusho ya matajiri, lakini ni mali ya chuo ambacho fundi magari na mhamiaji anayejifunza Kiingereza wana haki ya kuingia. Mwigizaji Tom Hanks naye alianzia katika chuo cha namna hii, Chabot College cha Hayward, California.

Faida ya sanaa katika chuo cha mafundi inaonekana kirahisi ukimfikiria fundi seremala. Aliyewahi kuchora anajua kupanga maua ya mlango wa Kizanzibari kabla hajashika patasi. Aliyewahi kuigiza haogopi kusimama mbele ya mteja na kueleza bei yake.

Nani analipa?

Sehemu hii inauma. Vyuo vyetu vya sanaa vimesimama kwa miaka mingi juu ya fedha za wafadhili. Ukumbi wa Bagamoyo uliungua mwaka 2002, na ukumbi mpya mkubwa uliozinduliwa mwaka 2008 ulijengwa kwa fedha za Sweden. DCMA ilitangaza mwaka 2019 kwamba iko hatarini kufungwa baada ya wafadhili wakubwa kujiondoa. Wanafunzi wengi hawakuweza kumudu hata ada ndogo iliyokuwa ikitozwa. Watu wa mji ambao taarab ni harusi yao, Idi yao na kumbukumbu yao, walisoma habari hizo kwenye magazeti.

Mfadhili hupenda kujenga kitu kinachoonekana, na jengo linaonekana. Mshahara wa mzee anayejua kukaza kanuni, au nauli ya kumleta mpiga muheme kutoka Dodoma, haina utepe wa kukatwa. Matokeo yake ni kwamba tunaweza kuwa na jukwaa zuri lisilo na wa kulifundishia. Mimi ningepanga bajeti kinyume: kwanza walimu wazee, na kila mzee awe na mwanafunzi mmoja anayelipwa kukaa naye; kisha vyombo na mafundi wa kuvitengeneza; halafu rekodi za sauti na picha, zilizohifadhiwa mahali penye mtu wa kuzitunza. Jengo lije mwisho. Zawose alipofariki, watoto na jamaa zake waliendelea na muziki wake kwa sababu walikuwa wamekaa naye. Wapo mafundi wengi ambao hawakupata wa kukaa nao.

Kwa upande wa wazazi, fedha zinazotafutwa ni ndogo kuliko wanavyodhani. Harusi moja ya mjini hutumia kwa ukumbi na mapambo ya usiku mmoja fedha ambayo ingemlipia mwanafunzi muda mrefu. Kamati za harusi tunazijua, michango tunaijua. Sijaona kwa nini ukoo uweze kuchangia keki ushindwe kuchangia ada ya kijana aliyepokelewa chuoni.

Kabla ya kulipa ada

Mzazi aliyefika hapa na bado ana wasiwasi aende chuoni mwenyewe, asitume mtu. Aulize haya:

1. Nani anafundisha chombo au ngoma ambayo mwanangu anaitaka, na yeye alifundishwa na nani? Jibu likiwa la wasiwasi, aendelee kuuliza.
2. Kuna vyombo vingapi, na mwanafunzi anakishika kwa saa ngapi kwa wiki? Udi mmoja kwa wanafunzi kumi na watano haufundishi mtu.
3. Cheti ni cha ngazi gani? Astashahada ni cheti cha kwanza cha taaluma, stashahada iko juu yake na inaweza kumfungulia njia ya chuo kikuu. Aulize kama chuo kimesajiliwa kutoa ngazi hiyo.
4. Wanafundisha mikataba na hesabu za kazi za sanaa?
5. Wahitimu wa karibuni wako wapi? Wachache watakuwa maarufu. Wengi watakuwa walimu, mafundi sauti, wapigaji wa hotelini, waandaaji wa matamasha, na hizo ni kazi.

Anayetaka kufundisha shuleni atazame pia vyuo vya ualimu vyenye masomo ya sanaa. Butimba cha Mwanza kina jina katika muziki na uchoraji.

Kijana naye ana kazi yake kabla ya usaili, ambapo atatakiwa kuonyesha anachoweza. Wengi huja na nyimbo za redioni, na wasaili wameshazisikia zote. Afadhali atumie likizo moja kwa bibi au mjomba anayezijua ngoma za kwao, ajifunze mbili mpaka azimudu, na aweze kueleza zinachezwa lini na nani. Kama kuna ala inayotengenezwa kijijini, aombe kuona inavyotengenezwa: ngozi ya mnyama gani, mti gani, inakauka siku ngapi. Ayaandike hayo kwenye daftari pamoja na jina la aliyemweleza, na siku ya usaili aende nalo.